Kulala katika hoteli ya kasri mashambani mwa Ufaransa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wasafiri wanaozungumza Kiswahili huyarudia wanapofikiria kulala katika kasri la kale lililogeuzwa hoteli. Mifano mingi imetoka bonde la mto Loire kwa sababu wengi huanzia huko, ingawa maelezo mengi yanafaa kwa maeneo mengine ya mashambani pia. Jambo likiwa limeelezwa kwa kirefu katika jibu moja, majibu mengine yatakuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Hoteli ya kasri ni nini hasa, na inatofautianaje na hoteli ya kawaida?

Ni jengo la kale lililokuwa makao ya mfalme, bwana wa eneo, askofu au tajiri, ambalo sasa linapokea wageni kwa malipo. Kiswahili kinatenganisha ngome na kasri: Fort Jesus ya Mombasa ni ngome, na Beit el-Ajaib ya Unguja ilijengwa kuwa kasri. Kifaransa kina neno moja la "château" kwa yote mawili, na anayetaka kubainisha kuwa anazungumzia ngome ya vita husema "château fort". Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua usiku wako utakuwaje. Ngome ya karne ya 13 ina kuta nene, madirisha membamba na vyumba vyenye kiza na ubaridi hata mwezi wa Julai, ilhali kasri la karne ya 16 na kuendelea, lililojengwa wakati mabwana walipoanza kutafuta raha kuliko ulinzi, lina madirisha mapana, dari za juu na bustani zilizopangwa kwa vipimo.

Katika hoteli hizi nyumba ilitangulia, biashara ikafuata. Hoteli ya mjini huchorwa ili vyumba vifanane. Katika kasri, chumba kimoja kinaweza kuwa ukumbi mdogo wa bibi wa nyumba, na cha jirani yake kikawa kilikuwa cha mtumishi, chini ya paa, mahali ambapo mtu mrefu hupiga kichwa kwenye boriti. Kwa hiyo unapoandika kuuliza, usiulize vyumba vikoje. Taja jina la chumba ulichokiona na uulize hicho kikoje.

Kwa nini wenye makasri waliyageuza kuwa hoteli?

Kwa sababu ya paa, kwa kiasi kikubwa. Kasri la Loire huezekwa kwa vigae vya jiwe jeusi jembamba, na kulifanyia ukarabati paa kama hilo ni gharama ambayo familia chache huweza kuibeba kwa kipato cha kawaida. Makasri mengi yalitaifishwa na kuuzwa baada ya Mapinduzi ya 1789, yakapita mikono mingi, na waliokuja kuyamiliki wakakuta kwamba wageni wa kulala ndio wanaoweza kulipia mafundi.

Je, kila jengo linaloitwa "château" ni la kale?

La, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Katika eneo la Bordeaux neno hilo huandikwa kwenye chupa za mvinyo kumaanisha shamba la mizabibu, na nyumba iliyomo shambani inaweza kuwa ya kawaida kabisa. Kwingineko, majengo mengi yenye minara iliyochongoka yalijengwa katika karne ya 19 kwa kuiga mtindo wa zamani. Château d'Artigny, karibu na Tours, lina sura ya karne ya 18, lakini lilijengwa kuanzia 1912 kwa amri ya François Coty, tajiri wa manukato. Husimuliwa kwamba Coty aliweka jikoni ghorofa ya juu kabisa ili harufu ya mapishi isifike vyumbani, jambo linaloeleweka kwa mtu aliyeishi kwa pua yake.

Sioni ubaya wowote katika kasri la karne ya 19 au ya 20. Mara nyingi mabafu yake ni mazuri zaidi. Lakini kama unachotafuta ni jiwe lililoshikwa na mikono ya miaka 500, soma historia ya jengo kabla ya kulipa.

Naweza kulala ndani ya Chambord au Chenonceau?

Huwezi. Chambord, ambalo ujenzi wake ulianza 1519 chini ya mfalme François wa Kwanza, lina vyumba zaidi ya 400 na hakuna hata kimoja kinachokodishwa kwa msafiri. Ni mali ya taifa na ni makumbusho. Kuna hoteli mkabala na kasri, na anayelala hapo hupata kuliona alfajiri kabla mabasi ya watalii hayajafika. Chenonceau nalo ni la kutembelewa mchana tu. Kwa anayetaka kukaribia wafalme zaidi ya hapo, jengo la mwaka 1681 lililomo katika eneo la Versailles lilifunguliwa kuwa hoteli mwaka 2021, ila huko si mashambani, na bei yake si ya msafiri wa kawaida.

Nichague eneo gani la Ufaransa?

Kwa safari ya kwanza ningependekeza bonde la Loire, kati ya Blois na Chinon, bila kusita. Makasri yako karibu karibu, treni kutoka Paris ni ya haraka, na jiwe lake jeupe laini, liitwalo "tuffeau", hubadilika rangi jioni mpaka likafanana na malai. Bonde hilo, kutoka Sully-sur-Loire hadi Chalonnes, liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, mwaka uleule ulioingizwa Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Anayependa ngome zilizokaa juu ya majabali aende kusini magharibi, kwenye mito ya Dordogne na Lot. Huko Château de Mercuès, lililokuwa makao ya maaskofu wa Cahors, linautazama mto Lot kutoka juu ya kilima na sasa ni hoteli. Bourgogne inawafaa zaidi wanaopenda abasia za kale na vijiji vya mizabibu.

Nikae siku ngapi?

Usiku mmoja hautoshi. Utafika alasiri, utakula, utalala, na saa 5 asubuhi utatakiwa kurudisha ufunguo. Usiku mbili au tatu hukupa siku nzima ya kukaa tu katika nyumba na bustani, na siku nyingine ya kutembelea. Kutoka hoteli iliyo karibu na Amboise unaweza kuona asubuhi nyumba ya Clos Lucé, alikoishi Leonardo da Vinci kuanzia 1516 hadi alipofariki 1519, kisha alasiri ukaenda Chenonceau. Makasri mawili kwa siku yanatosha. La tatu hutalikumbuka.

## Kuweka nafasi na gharama

Je, chumba changu kitakuwa ndani ya kasri lenyewe?

Swali hili ndilo ningependa kila mtu aulize kabla ya kulipa, kwa sababu malalamiko mengi ninayosikia huzaliwa hapa. Hoteli nyingi za kasri zina vyumba vya aina mbili: vilivyomo ndani ya jengo kuu, na vilivyomo katika majengo ya pembeni, yaani mabanda ya zamani ya farasi, nyumba za watumishi, nyumba ya kioo walimohifadhia michungwa wakati wa baridi, au jengo jipya lililojengwa nyuma ya miti. Picha ya kwanza kwenye tovuti huwa ya kasri. Chumba cha bei nafuu huwa pembeni.

Tafuta maneno "dépendances", "communs", "orangerie" au "pavillon" katika maelezo ya chumba. Yote yanamaanisha kwamba hutalala ndani ya kasri. Ukiona "au château" au "dans le château", hapo ndipo penyewe. Ukibaki na shaka, andika barua pepe na uombe jibu la maandishi. Nimewahi kufika mahali na jamaa zangu tukiwa na matumaini ya mnara, tukapelekwa kwa heshima zote hadi kwenye zizi la zamani ng'ambo ya ua. Lilikuwa safi na lenye joto, lakini mtoto wetu alilia kwa sababu alikuwa ameahidiwa mnara, na kosa lilikuwa letu kwa kutosoma.

Vyumba vya pembeni vina faida zake pia: huwa vya chini, bila ngazi, na mara nyingi ni vikubwa. Tazama jibu kuhusu wazee na wasioweza kupanda ngazi.

Kuna tofauti gani kati ya hoteli na "chambre d'hôtes"?

"Chambre d'hôtes" ni vyumba vya wageni katika nyumba ya mtu. Sheria inaruhusu visizidi 5, kwa wageni wasiozidi 15, mwenye nyumba awapokee mwenyewe, na kifungua kinywa kiwe ndani ya bei. Makasri mengi madogo yamechagua njia hii. Utakula meza moja na wenyeji kama wanatoa "table d'hôtes", utasikia habari za babu zao, na huenda ukaonyeshwa picha za ukutani na mtu aliyezirithi. Usitarajie mapokezi ya saa 24 wala mhudumu wa kukuletea chai chumbani usiku. Anayependa mazungumzo na anayejua Kifaransa kidogo atafurahi zaidi hapa kuliko hotelini. Anayependa kuachwa peke yake achague hoteli.

Nyota za hoteli zinamaanisha nini?

Ufaransa hupanga hoteli kwa nyota 1 hadi 5, na daraja hilo hudumu miaka 5 kabla ya kukaguliwa upya. Wakaguzi hupima mambo kama ukubwa wa chumba, vifaa na huduma. Umri wa jengo au uzuri wake hauhesabiwi, na kuomba nyota ni hiari, kwa hiyo kasri zuri sana linaweza kukosa nyota kabisa.

Bei iliyoandikwa ndiyo nitakayolipa?

Takriban. Kuna kodi ya kukaa iitwayo "taxe de séjour", inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku na kupangwa na serikali ya mtaa kulingana na daraja la hoteli. Walio chini ya miaka 18 hawalipi. Katika hoteli, tofauti na "chambre d'hôtes", kifungua kinywa mara nyingi hulipiwa kando. Ukiona "demi-pension", bei inajumuisha kifungua kinywa na chakula cha jioni, na kwa msafiri asiye na gari mpango huo una maana sana, kwa sababu zilizoelezwa katika jibu kuhusu kufika bila gari. Malipo ya huduma yamo ndani ya bei za mikahawa kisheria. Kuacha sarafu chache kwa aliyekuhudumia vizuri ni uungwana, wala si deni.

Ni miezi gani inafaa?

Mei, Juni na Septemba. Julai na Agosti Wafaransa wenyewe wako likizoni, bei hupanda na maeneo ya kutembelea hujaa. Mwezi wa Mei una sikukuu nyingi, na watu huziunganisha na mwisho wa juma, kwa hiyo weka nafasi mapema. Wakati wa baridi hoteli nyingi za mashambani hufungwa kwa wiki kadhaa au hata miezi. Mwisho wa Septemba una zawadi yake: katika msitu wa Chambord, uliozungushiwa ukuta wa kilomita 32, kulungu dume huanza kunguruma machweo wakitafuta majike, na sauti ile ukiisikia ukiwa umesimama kimya gizani hutaisahau.

Je, nafasi ya hoteli hiyo inakubalika kwa maombi ya viza?

Ndiyo, uthibitisho wa hoteli ni ushahidi wa malazi kama ulivyo wa hoteli nyingine yoyote, mradi majina ya wasafiri wote na tarehe zote vimeandikwa. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Oman wanahitaji viza ya Schengen, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Bima ya safari inatakiwa kufidia angalau yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024.

Weka nafasi inayoweza kufutwa bila faini hadi siku chache kabla ya kufika. Makasri mengi madogo hudai malipo ya awali, na yakiitwa "arrhes" hayarudi ukifuta wewe. Kwa hiyo waeleze mapema kwamba unasubiri viza na uombe sharti hilo lilegezwe. Wengi hukubali wakiombwa kwa adabu.

## Kufika

Naweza kufika bila gari?

Unaweza kufika, shida ni kutoka. Treni ya kasi huchukua zaidi kidogo ya saa moja kutoka stesheni ya Montparnasse mjini Paris hadi Saint-Pierre-des-Corps, pembeni mwa Tours, na zipo pia treni zinazoondoka moja kwa moja kwenye uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle. Kutoka hapo hadi kasrini ni teksi, ambayo mashambani haisimamishwi barabarani. Huagizwa kwa simu, na Jumapili jioni inaweza isipatikane. Omba hoteli ikuagizie kabla hujaondoka Paris.

Ukishafika, kijiji cha karibu kinaweza kuwa umbali wa kilomita 5 na kikawa hakina mkahawa uliofunguliwa Jumatatu. Ndiyo maana asiye na gari anashauriwa achukue "demi-pension", au achague kasri lililo ndani ya mji mdogo kama Amboise au Chinon. Hoteli nyingi za Loire hukodisha baiskeli, na njia za kando ya mto ni tambarare.

Nikikodi gari nizingatie nini?

Ufaransa huendesha upande wa kulia, kinyume cha Kenya, Tanzania na Uganda. Beba leseni yako pamoja na leseni ya kimataifa ya udereva. Magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono. Anayetaka ya otomatiki aagize mapema. Kikomo cha mwendo ni kilomita 130 kwa saa kwenye barabara kuu za kulipia na 110 mvua ikinyesha, 50 ndani ya vijiji, na 80 katika barabara nyingi za mashambani, ingawa baadhi ya wilaya zimerudisha 90. Jihadhari zaidi na sheria ya kulia: pasipo na alama, gari linalotoka barabara ya upande wako wa kulia ndilo lenye haki ya kupita, hata kama linatoka kichochoroni.

Itakuwaje nikifika usiku?

Piga simu. Mapokezi ya kasri mara nyingi hufungwa kati ya saa 2 na saa 4 usiku, na lango la chuma hufungwa pamoja nayo. Ukitoa taarifa utapewa namba ya lango na kuambiwa ufunguo umewekwa wapi. Kumbuka kwamba Wafaransa huandika saa kuanzia usiku wa manane: 19:30 kwenye barua pepe yao ni saa 1:30 usiku kwetu. Wageni kutoka nje hujazishwa pia fomu ya polisi yenye jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia na anwani. Ni utaratibu wa kisheria kwa wageni wote wasio Wafaransa, usiuone kuwa umeshukiwa.

## Chumbani

Mbona hakuna lifti wala kiyoyozi?

Kwa sababu mwenye hoteli haruhusiwi kutoboa anapotaka. Makasri mengi yanalindwa na sheria ya majengo ya kihistoria ya tarehe 31 Desemba 1913, na kubadilisha dirisha, kupitisha bomba ukutani au kuweka shimo la lifti huhitaji kibali cha wataalamu wa serikali. Aliyewahi kutaka kubadilisha mlango wa nyumba yake Lamu au Mji Mkongwe anaijua hali hiyo.

Kiyoyozi huhitajika siku chache. Ukuta wa jiwe wenye unene wa mita moja na zaidi hutunza ubaridi wa usiku hadi alasiri, mradi ufunge mbao za nje za madirisha asubuhi na kuzifungua jua likizama. Vyumba vya chini ya paa ndivyo hupata joto. Ukisafiri Julai, usichukue chumba cha ghorofa ya mwisho bila kuuliza.

Katika baadhi ya kuta hizo dirisha limekaa ndani sana, na katika nafasi hiyo mafundi wa zamani walichonga vibaraza viwili vya jiwe vinavyotazamana, ili watu wawili wakae kwenye mwanga na kuzungumza. Jiwe lake limelainika mahali pa kukalia, na ukiketi hapo na kikombe chako unaona mto, na mwenzako, na magoti yenu yanakaribia kugusana. Ukipewa chumba chenye vibaraza hivyo, usikibadilishe na chumba chenye televisheni kubwa.

Je, nitaona baridi?

Kuanzia Oktoba hadi Aprili, ndiyo, hasa ukitoka pwani. Vyumba vina vipasha joto, lakini korido, ngazi na kumbi kubwa havipashwi sawasawa. Beba soksi nzito na sweta la kuvaa ndani ya nyumba. Meko za vyumbani kwa kawaida ni za kutazama tu. Usiwashe kitu bila kuambiwa. Meko ya ukumbini ikiwashwa jioni, ndipo wageni wote hukusanyika.

Vitanda vikoje?

Utakutana na samadari zenye nguzo nne na mapazia mazito, ambazo godoro lake kwa bahati nzuri ni jipya. "Lit double" mara nyingi kina upana wa sentimita 140, ambao kwa watu wazima wawili ni mdogo. Omba wa 160 au 180.

Intaneti na umeme je?

Intaneti ipo, lakini kuta zilezile zinazoleta ubaridi huzuia mawimbi, kwa hiyo ndani ya mnara simu yako inaweza kunyamaza. Mwenye kikao cha kazi akae karibu na mapokezi. Umeme ni wa volti 230. Soketi ina matundu mawili ya duara na kichuma kinachochomoza. Wanaotoka Kenya, Tanzania na Uganda, wenye plagi za pini tatu bapa, wanahitaji adapta, ilhali plagi nyingi za Kongo, Rwanda na Burundi huingia bila taabu. Nunua adapta kabla ya kusafiri, kijijini hutaipata.

Nimesikia nyumba hizi zina mizimu. Kweli?

Wenyeji watakusimulia hadithi ukiwauliza, na karibu kila kasri lina yake. Sauti utakazosikia zina wenyewe: sakafu ya mbao hulia inapopoa usiku, maji hugonga ndani ya mabomba ya zamani, bundi hukaa kwenye minara, na popo hutoka machweo. Ukilala mwepesi, omba chumba kisicho chini ya ngazi.

## Chakula na ibada

Chakula cha jioni hutolewa saa ngapi, na nivae nini?

Kwa kawaida huanza saa 1:30 usiku, na jikoni huacha kupokea wageni karibu saa 3. Weka nafasi ya meza unapoweka nafasi ya chumba, kwani mkahawa wa kasri hupokea pia watu wa nje na hujaa Jumamosi. Chakula huja kwa hatua, na saa mbili mezani ni jambo la kawaida. Kuhusu mavazi, unadhifu unatosha: kanzu safi, shati lenye kola, gauni au dera zuri. Kaptura na kandambili ziache bwawani.

Maji ya bomba ni salama na hutolewa bure kwenye jagi ukisema "une carafe d'eau". Usipitwe na jibini la mbuzi la Sainte-Maure-de-Touraine, refu kama gogo dogo, lenye unyasi mmoja uliopitishwa katikati kulishikilia lisivunjike.

Sili nguruwe wala kinywaji cha pombe. Nitapata chakula?

Utapata, ila useme mapema na useme kwa undani. Vipande vidogo vya nguruwe, "lardons", huwekwa kwenye saladi na mboga bila kutajwa kwa herufi kubwa. Pombe hujificha zaidi: mchuzi wa nyama huchemshwa na mvinyo, vitindamlo hunyunyiziwa ramu, na hata samaki wa mto Loire, ambao mtu angedhani ni salama, huletwa na "beurre blanc", mchuzi wa siagi ambao kwa kawaida hupikwa na mvinyo mweupe. Tuma sentensi hii siku kadhaa kabla: "Nous ne mangeons ni porc ni alcool, même dans les sauces." Maana yake ni kwamba hamli nguruwe wala pombe, hata ndani ya michuzi. Mpishi aliyepewa taarifa atakupikia samaki au mboga vizuri kabisa. Aliyeshtukizwa mezani hana la kufanya.

Nyama ya halali haipatikani katika hoteli hizi isipokuwa kwa mpango maalumu. Miji kama Tours ina mabucha ya halali kwa wanaokaa katika nyumba zenye jiko.

Nitaswali wapi, na kibla ni upande gani?

Chumbani, au bustanini kukiwa kukavu, hakuna atakayekuzuia. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumezoea kuelekea kaskazini, lakini Ufaransa kibla kiko kusini mashariki. Kubwa zaidi ni nyakati: mwishoni mwa Juni jua la Tours huzama karibu saa 4 usiku, na Isha huingia ikikaribia usiku wa manane, huku Alfajiri ikirudi upesi. Panga usingizi wako wa mchana.

Kwa Wakristo, kanisa lipo karibu kila kijijini, lakini padri mmoja huhudumia vijiji vingi, kwa hiyo Misa ya Jumapili inaweza kuwa kijiji cha tatu. Uliza mapokezi Jumamosi.

## Hali za pekee

Nasafiri na mama yangu mzee. Ngazi atazimudu?

Usibahatishe. Ngazi za mnara huzunguka kwenye nguzo moja, kidato ni chembamba upande wa ndani na kipana upande wa nje, na katika nyumba ya kale kidato kimeliwa katikati kama jiwe la kusagia, hivyo mguu huteleza kuelekea chini. Kuna kamba badala ya reli, au hakuna kitu. Sheria ya Ufaransa ya 2005 inadai majengo ya umma yafikike kwa wenye ulemavu, lakini majengo ya kihistoria yanaweza kupewa msamaha. Omba chumba cha "rez-de-chaussée", yaani ghorofa ya chini, na uulize pia kuhusu ngazi za mlango mkuu, ambazo watu husahau. Chumba cha pembeni, kilichoelezwa hapo juu, huenda ndicho kitakachompa mama raha.

Watoto wanaruhusiwa?

Katika hoteli nyingi wanakaribishwa, na bustani ni furaha kwao. Château de la Bourdaisière, karibu na Tours, lina bustani yenye aina zaidi ya 600 za nyanya, na hapo mtoto aliyezoea nyanya nyekundu tu ataziona nyeusi, njano na zenye michirizi. Lakini uliza kuhusu visima, mahandaki yenye maji na kuta fupi za juu. Jengo la kale halikujengwa kwa kumfikiria mtoto wa miaka 3.

Kukiwa na harusi wikiendi hiyo?

Kuanzia Mei hadi Septemba, Jumamosi za makasri ni za harusi, na Wafaransa hucheza muziki hadi alfajiri. Uliza wazi: "Y a-t-il un mariage ce week-end ?" Jibu likiwa ndiyo, sogeza safari hadi Jumapili. Utapata utulivu, na mara nyingi bei ya chini.

Naweza kuona vyumba vyote vya kasri?

Vya wageni wengine hapana, na sehemu anamoishi mwenye nyumba hapana. Uliza tu: wenyeji wengi hufurahi kukuonyesha kanisa dogo la ndani, sebule au pishi asubuhi watu wakishaondoka. Wikiendi ya tatu ya Septemba huwa ni siku za urithi, zilizoanzishwa Ufaransa mwaka 1984, na makasri mengi ya watu binafsi hufungua milango ambayo mwaka mzima hufungwa.

Nikivunja au kuharibu kitu cha kale?

Sema mara moja. Unyevu wa jiwe na uzee wa mbao huwafanya wenyeji wajue kwamba vitu huvunjika, na kiti kilichoatuka leo kinaweza kuunganishwa na fundi kesho, ilhali kipande kilichofichwa chini ya kitanda kikatupwa na mfagiaji hakirudi tena. Hakikisha bima yako ya safari ina kipengele cha dhima kwa mali ya wengine. Usining'inize nguo mbichi kwenye samadari wala kuweka glasi ya maji juu ya meza ya mbao isiyo na kitambaa, na mizigo yenye magurudumu ibebe mkononi kwenye sakafu ya vigae vyekundu vya udongo, kwa kuwa vigae hivyo vilichomwa kwa mkono na fundi wa kufyatua vingine vinavyolingana navyo hapatikani kwa urahisi.